Mmenyuko Unaojiendea: Maswali Ninayoulizwa Kila Muhula

Nafundisha kemia masomo ya jioni hapa Mombasa, na kila tukifika themodinamiki, elimu ya joto na nishati, maswali huwa yale yale. Wala si ya wanafunzi tu. Yumo fundi wa mabati wa Kongowea, yumo mama mwenye freza ya samaki, yumo mzee mmoja wa Mji wa Kale aliyenishika barazani akitaka habari za chokaa. Nimeyakusanya hapa ili nipumzishe koo. Hesabu zimo, si nyingi, na mwenye haraka anaweza kuziruka akarudi baadaye.

"Mmenyuko unaojiendea" maana yake nini hasa?

Ni mmenyuko ambao, katika hali uliyouweka, una mwelekeo wa kwenda mbele wenyewe bila mtu kuendelea kuusukuma kutoka nje. Moshi wa ubani ukitoka chetezoni hujiendea mpaka chumba cha pili. Hakuna anayeupeleka, na hakuna aliyewahi kuuona ukikusanyika na kurudi chetezoni. Mwelekeo huo wa upande mmoja ndio tunaousaka kwenye kemia.

Wapo wanaouita mmenyuko "wa papo kwa papo". Tafsiri hiyo ya neno la Kiingereza "spontaneous" siitaki, kwa sababu "papo" ni habari ya wakati, na themodinamiki haisemi lolote kuhusu wakati. Wengine husema "wa hiari". Hiyo ni afadhali kidogo, ingawa molekuli hazina hiari wala ukaidi. Mimi nimeshikilia "kujiendea".

Kwa hiyo unaojiendea ndio unaokwenda haraka?

Hapana. Nusu ya makosa ninayosahihisha yanatoka hapa.

Tazama gunia la makaa lililoegemezwa ukutani. Kaboni ikiungana na oksijeni kuwa kaboni dioksidi, nishati huru (ile inayoweza kufanyishwa kazi, nitairudia chini) hushuka kwa kilojuli 394 kwa kila moli, kipimo cha wanakemia cha idadi ya chembe. Huo ni mteremko mkubwa sana. Makaa yapo, oksijeni ipo, na bado gunia linakaa hapo miezi bila kuungua. Kinacholizuia ni kizingiti: kabla vifungo vipya vya atomi havijafungwa, vya zamani lazima vilegezwe, na hilo linataka nishati ya kuanzia. Kiberiti kinakuvusha kizingiti tu. Ukishavuka, joto la makaa yaliyoshika linawasha yaliyobaki.

Kichocheo kazi yake ni kupunguza urefu wa kizingiti. Hakigusi mteremko wenyewe. Mmenyuko usiojiendea hauwezi kujiendea kwa sababu umetiwa kichocheo, hata kiwe cha platini.

Na kama umevaa pete ya almasi: almasi kugeuka grafiti, jamaa ya risasi ya penseli, ni jambo linalojiendea kwenye halijoto ya kawaida, kwa kilojuli 2.9 hivi kwa moli. Usiwe na wasiwasi. Kizingiti chake ni kirefu kiasi kwamba wajukuu wa wajukuu zako wataigombania ikiwa almasi vile vile.

Si tulifundishwa kwamba unaotoa joto ndio unaojiendea?

Hata mimi nilikariri hivyo kidato cha tatu, nikapata alama kwa hilo. Walioamini hivyo kabla yangu ni wakubwa zaidi: Marcellin Berthelot wa Ufaransa na Julius Thomsen wa Denmark, katika karne ya 19, walishikilia kwamba mmenyuko huelekea upande unaotoa joto jingi zaidi. Kanuni yao hupatia mara nyingi, na hiyo ndiyo hatari yake.

Lakini barafu iliyowekwa juu ya changu pale sokoni huyeyuka kwa *kunyonya* joto. Jasho hukauka kwa kunyonya joto. Chumvi ukiikoroga ndani ya maji hunyonya joto kidogo, karibu kilojuli 4 kwa moli, na bado inayeyuka mbele ya macho yako. Kama joto lingekuwa ndilo mwamuzi wa pekee, mchuzi usingekolea chumvi. Kuna mwamuzi wa pili.

Ndiye entropia? Na ni kweli kwamba entropia ni "fujo"?

Ndiye. Lakini neno "fujo" liache kwa watu wa siasa. Entropia inahesabu ni kwa *njia ngapi* chembe na nishati zinaweza kupangika bila sisi kuona tofauti kwa nje. Jina lenyewe lilibuniwa na Rudolf Clausius mwaka 1865. Ludwig Boltzmann ndiye aliyeliunganisha na hesabu ya njia, na mlinganyo huo umechongwa kwenye kaburi lake mjini Vienna.

Chukua bao la Kiswahili: mashimo 32, kete 64. Zitie alama kete zote ili kila moja ijulikane, funga macho, kisha zitawanye ovyo mashimoni. Jumla ya mipangilio inayowezekana ni 32 kuzidishwa kwa yenyewe mara 64, yaani namba yenye tarakimu 97. Mipangilio ambayo kete zote ziko kwenye shimo moja ni 32 tu. Hakuna sheria inayokataza kete zote ziangukie shimo moja. Ni kwamba njia zake ni chache mno mbele ya zile nyingine, na wewe huna umri wa kusubiri. Hapo una kete 64. Kwenye kijiko cha maji molekuli ni nyingi kuliko unavyoweza kuziwazia. Ndiyo maana moshi wa ubani haurudi, na ndiyo maana wazee walisema maji yakimwagika hayazoleki.

Sheria ya pili ya themodinamiki inasema hivi: jambo hujiendea ikiwa entropia ya *vyote*, mfumo (vitu vinavyomenyuka) pamoja na mazingira yake, inaongezeka. Neno "vyote" lipigie mstari.

Mbona kutu hujiendea, ilhali oksijeni iliyokuwa ikizurura hewani inafungwa ndani ya kitu kigumu?

Hili ni la fundi wa Kongowea, na naliona ndilo swali bora kuliko yote ya ukurasa huu. Alikuwa amekwisha kuelewa entropia, akaona mabati yake yanaikataa.

Tufanye hesabu. Moli 4 za chuma na moli 3 za oksijeni hutoa moli 2 za oksidi ya chuma. (Kutu halisi ina maji ndani yake, lakini hesabu hii inatosha.) Entropia ya mfumo *inapungua* kwa juli 550 hivi kwa kila kelvini, kama alivyoona fundi: gesi imefungwa jela. Lakini mmenyuko huo unatoa kilojuli 1,648 za joto, na joto hilo haliendi kuzimu, linaingia hewani na ukutani. Ukiligawanya kwa kelvini 298 (yaani nyuzi 25 za selsiasi) unapata ongezeko la entropia ya mazingira la juli 5,530 kwa kelvini. Mfumo umepoteza 550, mazingira yamepata 5,530. Jumla ni faida ya karibu 4,980. Kwa hiyo kutu inajiendea, na Berthelot na Thomsen walipatia mara nyingi kwa sababu hiyo: kutoa joto ni njia mojawapo ya kuongeza entropia, ile ya mazingira.

Na kwa nini bati la Nyali huoza mapema kuliko la Nairobi? Si kwamba mteremko wa Mombasa ni mkali zaidi. Chumvi ya bahari na unyevu hufanya tabaka la maji juu ya chuma lipitishe ayoni, chembe zenye chaji, kwa wepesi, kwa hiyo *kasi* inaongezeka. Bandu bandu huisha gogo, ila huku bandu zinapigwa haraka.

Zinki iliyopakwa juu ya mabati hupunguza balaa kwa sababu zinki ina mwelekeo mkubwa zaidi wa kuoksidika kuliko chuma. Inaliwa yenyewe kwanza. Meli za chuma nazo hufungiwa vipande vya zinki chini ya maji kwa hila hiyo hiyo.

Sasa hiyo ΔG inatoka wapi?

Inatoka kwenye uvivu, kwa maana nzuri. Kuhesabu entropia ya mazingira kila mara kunachosha. Josiah Willard Gibbs, Mmarekani aliyefundisha Yale, alionyesha katika miaka ya 1870 kwamba ukikaa kwenye halijoto na kanieneo visivyobadilika unaweza kuangalia mfumo peke yake:

ΔG = ΔH − TΔS

ΔG ni badiliko la nishati huru, ule mteremko wa makaa. ΔH ni badiliko la enthalpia, yaani joto linaloingia au kutoka. ΔS ni badiliko la entropia ya mfumo. T ni halijoto kwa kelvini. ΔG ikiwa hasi, mmenyuko unajiendea. Ikiwa chanya, ni ule wa kurudi nyuma unaojiendea. Ikiwa sifuri, umefika kwenye msawazo, pale ambapo hakuna upande unaoshinda.

Jaribu kwa kutu: −1,648 − 298 × (−0.550) ni −1,484. Sasa chukua ile faida ya 4,980 uizidishe kwa 298. Utapata 1,484,000 za juli, namba ile ile. ΔG ni daftari la entropia ya vyote, limeandikwa na mtu aliyekaa upande wa mfumo.

Inaitwa nishati *huru* kwa kuwa ndiyo sehemu inayoweza kufanyishwa kazi. Huru si bure.

Nikariri hali nne za alama?

Usikariri, zisome kwenye mlinganyo. ΔH hasi na ΔS chanya: unajiendea kwenye halijoto zote. ΔH chanya na ΔS hasi: haujiendei kamwe. Hizo mbili hazina utamu. Utamu uko pale alama zinapofanana, kwa sababu hapo T ndiyo inayoamua, na inakuja hadithi ya chokaa.

Kwa nini chokaa lazima ichomwe kwa moto mkali hivyo?

Mzee wa Mji wa Kale aliniambia alipokuwa mdogo aliona matumbawe yakipangwa juu ya magogo na kuchomwa usiku kucha. Chokaa ya namna hiyo ndiyo iliyojenga pwani hii: misikiti, nyumba za ghorofa zenye milango ya nakshi, na kuta za Fort Jesus walizoanza Wareno mwaka 1593. Na bado iko kwenye tambuu.

Tumbawe kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kaboneti. Likichomwa linavunjika kuwa oksidi ya kalsiamu, yaani chokaa kali, na kaboni dioksidi. ΔH ni chanya, kilojuli 178 kwa moli, kwa sababu vifungo lazima vivunjwe. ΔS pia ni chanya, juli 160 hivi kwa kelvini, kwa sababu gesi iliyofungwa inaachiliwa. Kwenye nyuzi 25 ΔG inakuwa +130. Ndiyo maana ufuo wa Diani haugeuki chokaa kwa jua, hata jua la Februari.

Lakini T inapopanda, TΔS inapanda nayo, mpaka inalingana na ΔH. Gawanya 178 kwa 0.160: kelvini 1,110 hivi, karibu nyuzi 840 za selsiasi. Vipimo vya maabara, kwa kaboni dioksidi ya kanieneo moja ya hewa, vinakaribia nyuzi 900. Tofauti hiyo inatoka kwa sisi kujifanya kwamba ΔH na ΔS hazibadiliki kabisa na joto, ilhali hubadilika kidogo. Kwa mtihani, 840 inatosha. Kwa mwenye tanuri, haitoshi.

Upepo nao husaidia tanuri: ukipeperusha kaboni dioksidi, unazidi kuuvutia mmenyuko mbele. Nitarudi hapo kwenye habari za nguo.

Kisha mambo yanageuka. Chokaa kali ukiimwagia maji huchemka yenyewe, kilojuli 65 za joto kwa moli, na aliyewahi kusogea karibu mno anajua. Ukiipaka ukutani inaanza safari ya kurudi nyumbani: inanyonya kaboni dioksidi ya hewa na kuwa kalsiamu kaboneti tena, jiwe lile lile la mwanzo. ΔG ya safari hiyo ni karibu −73. Inajiendea, ila polepole, kwa sababu hewa lazima ipenye ndani ya ukuta. Kwenye ukuta mnene, kiini kinaweza kubaki hakijamaliza kugeuka kwa muda mrefu mno baada ya waashi wenyewe kuzikwa.

Jibu langu la ΔG limekuja maelfu. Nimekosea wapi?

ΔS yako iko kwa juli, ΔH kwa kilojuli. Gawanya ΔS kwa 1,000 kwanza. Na T iwe kelvini, si selsiasi. Ni hilo tu, karibu kila mara.

Kwa nini nguo hazikauki wakati wa masika, na joto lipo?

Kwa sababu ΔG haitegemei halijoto peke yake. Inategemea pia ni kiasi gani cha zao tayari kipo. Mlinganyo kamili ni ΔG = ΔG° + RT ln Q, ambapo ΔG° ni ΔG ya hali sanifu (naieleza kwenye swali linalofuata), R ni namba isiyobadilika, ln ni logi asilia, na Q inabeba habari za hali ilivyo sasa hivi, na kwa nguo kwenye kamba, habari hiyo ni mvuke uliomo hewani.

Kwenye nyuzi 30, unyevu wa hewa ukiwa asilimia 50, maji kugeuka mvuke kuna ΔG ya karibu −1.7 kilojuli kwa moli. Unyevu ukifika asilimia 80, inabaki −0.56. Ukifika 100 ni sifuri: nguo inatoa mvuke na kuupokea kwa kiasi kile kile, nawe unaendelea kuitazama. Upepo wa kaskazi ukivuma unafukuza ile hewa yenye mvuke mwingi inayoizunguka kanga, Q inashuka pale pale kwenye kitambaa. Sababu hiyo hiyo inafanya jasho la Mombasa likae mwilini: kila gramu 18 zinazokauka zingekuondolea kilojuli 44 za joto, lakini hazikauki.

ΔG° ikiwa chanya, basi hakuna kitakachotokea?

Alama hiyo ndogo ya duara ina maana ya hali sanifu, yaani kila kitu kikiwa kwenye kipimo cha kawaida kilichokubaliwa. Inakuambia msawazo utalalia upande gani. Haikuambii kwamba hutapata hata tone.

Asidi iliyomo ndani ya siki ya mnazi ikiachia ayoni za haidrojeni, ΔG° ni +27. Bado siki ni kali. Sehemu ndogo tu ya asidi imeachia, na ulimi unaitambua. Kwenye nyuzi 25, kila kilojuli 5.7 unazoongeza au kupunguza kwenye ΔG° hubadilisha namba ya msawazo, yaani uwiano wa mazao na vianzio pale msawazo unapofikiwa, mara kumi. Hilo ndilo jambo moja ninalotaka wanafunzi wangu walijue kwa moyo.

Freza yangu inagandisha maji. Si inavunja sheria ya pili?

Mama, weka mkono nyuma ya freza. Pana joto. Entropia iliyopungua ndani imelipwa huko nyuma, na zaidi.

Kuna la ziada watu hawalioni. Ndani ya freza ya nyuzi −18, maji *kuganda* ni jambo linalojiendea kabisa, ΔG ni kama −0.4. Kisichojiendea ni joto kutoka mahali baridi kwenda mahali moto, na hilo ndilo unalolipia stima. Stima ikikatika, barafu kwenye hewa ya nyuzi 30 ina −0.66 ya kuyeyuka, na hapo kuna kukimbilia wateja.

Mbolea inayopakuliwa Kilindini ina uhusiano na haya?

Upo mkubwa. Mbolea za naitrojeni za viwandani huanzia kwenye amonia, inayotengenezwa kwa naitrojeni ya hewa na haidrojeni. Fritz Haber alionyesha mmenyuko huo mwaka 1909, na kiwanda cha kwanza kilianza Oppau, Ujerumani, mwaka 1913.

Kwenye nyuzi 25 unajiendea: ΔH ni −92, ΔS ni −199, ΔG ni −33. Lakini kifungo cha molekuli ya naitrojeni ni kigumu mno na hakuna linaloonekana kutokea. Ukipandisha joto ili uharakishe, ΔS hasi inakugeuka. Ukipita nyuzi 190 hivi, ΔG° inakuwa chanya. Viwanda hufanya kazi kwenye nyuzi 400 hadi 500, upande usiofaa wa mstari, kwa sababu huko kuna kasi. Kisha wanaivuta hali upande wao: kanieneo mara mamia ya lile la hewa, kichocheo cha chuma, na amonia inaondolewa kila inapotokea huku gesi zilizobaki zikirudishwa. Wamenunua mwendo kwa kuuza mwelekeo, halafu wakarudi kuukomboa mwelekeo kwa kanieneo.

Mkoko unakua, mtoto anakua. Si entropia inapungua?

Ndani yao, ndiyo. Mkoko wa Tudor unatengeneza sukari kwa kaboni dioksidi na maji, jambo lenye ΔG° ya karibu +2,870 kwa moli ya glukosi. Haujiendei. Unasukumwa na mwanga wa jua.

Mwilini hila ni kuunganisha. Kuitia glukosi fosfeti kunahitaji +13.8, kuvunja ATP, molekuli inayobeba nishati ndani ya seli, kunatoa −30.5. Vimeng'enya, vichocheo vya mwilini, hulazimisha yote mawili yatokee kwa pamoja, na jumla ni −16.7. Mmoja anambeba mwenzake mgongoni.

Kuna jaribio la kufanya nyumbani?

Lipo, na linamaliza ubishi wa Berthelot kwa dakika moja. Tia maji ya kawaida nusu glasi, yasitoke friji. Koroga kijiko cha ndimu ya unga mpaka iyeyuke. Shika glasi usikie ilivyo. Sasa tia kijiko cha bikaboneti ya soda, ile ya keki, kidogo kidogo maana itafurika.

Povu ni kaboni dioksidi inayoachiliwa, na glasi itapoa mkononi mwako. Hukuwasha kitu, hukuitia kwenye friji. Mmenyuko unajiendea kwa nguvu huku ukinyonya joto la kiganja chako, kwa sababu gesi inayotoka inaongeza entropia kuliko joto linavyoipunguza kwa mazingira. Darasani hilo ndilo jaribio pekee wanalonidai nirudie. Unaweza kulinywa, ila nakuonya mapema: lina ladha ya dawa ya tumbo.